Kipimo kipi kwanza? Kingamwili, FISH, PCR na usomaji mpana wa jeni katika saratani za watoto

Baba mmoja aliyemleta binti yake Lubumbashi kutoka upande wa Kasenga aliniuliza swali ambalo tangu siku hiyo nimelitumia kila ninapofundisha: "Dokta, kama pesa yangu inatosha kipimo kimoja tu, nilipie kipi?" Mkononi alikuwa na karatasi yenye vipimo vinne, vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vinne hivyo havijibu swali moja.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya madaktari wa watoto, wapasuaji na watu wa maabara wa Lubumbashi, pamoja na wenzetu wa Bukavu na Goma ambao shida yao ni ileile ingawa mipaka wanayoivuka ni mingine. Mzazi anayetaka kuelewa kwa nini kipande cha uvimbe wa mwanawe kinasafirishwa mbali naye anaweza kuusoma, mradi aruke majina ya jeni yanayomchosha.

Kiashiria cha molekuli ni alama iliyomo katika protini, kromosomu au jeni za seli ya saratani, na hutumika kwa mambo mawili: kuupa uvimbe jina lake halisi, na kukadiria utakavyoenda baada ya tiba. Kwa watoto alama hizo zina uzito wa pekee. Saratani ya mtu mzima huwa imekusanya mabadiliko mengi madogo kwa miaka, lakini ya mtoto mara nyingi husimama juu ya tukio moja kubwa, kama vile kromosomu mbili kubadilishana vipande, jeni moja kujizidisha nakala, au jeni moja kupotea kabisa. Isitoshe, chini ya darubini ya kawaida sakoma ya Ewing (ya mfupa), neuroblastoma (ya neva), rabdomiosakoma (ya misuli) na limfoma (ya tezi) zinaweza kufanana kama mapacha: seli ndogo, za mviringo, za buluu. Tiba zake, hata hivyo, hazifanani hata kidogo.

Vigezo vya kupimia vipimo

Kila njia nitaiuliza mambo matano yaleyale. Kwanza, inajibu swali gani: jina la ugonjwa, mwenendo wake, au vyote viwili? Pili, inataka sampuli ya aina gani na kiasi gani? Tatu, muda, fedha na umbali, ambavyo kwetu havitenganishwi, kwa kuwa kipimo kinachofanywa kwa siku mbili kinaweza kutumia wiki tatu njiani. Nne, inadanganya vipi, maana kila kipimo kina uongo wake. Tano, jibu lake litabadilisha nini kitandani mwa mtoto, kwa dawa na huduma tulizo nazo.

Hicho cha tano ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na nieleze kwa nini. Katika hospitali tajiri, kiashiria huthaminiwa hasa kinapomtaja mtoto aliye hatarini zaidi, ili aongezewe tiba: upandikizaji wa seli za uboho, kingamwili dhidi ya GD2 (alama iliyo juu ya seli za neuroblastoma), dawa mpya zinazolenga jeni. Kwetu nyongeza hizo ama hazipo ama zinahitaji safari ambayo familia chache huimudu. Wakati huohuo, maambukizi yanayokuja chembe nyeupe zikishuka, au kukosa chembe sahani (zinazozuia damu kutoka) za kuongezewa usiku, vinaweza kumwondoa mtoto ambaye saratani yake ilikuwa inarudi nyuma. Katika mazingira hayo, kiashiria kinachosema "huyu anatosheka na tiba nyepesi" mara nyingi kina manufaa kuliko kinachosema "huyu anahitaji nzito". Ninafahamu kwamba wenzangu kadhaa hawakubaliani nami hapa, hasa wanaotaka takwimu kamili za kila mtoto, na hoja yao ina nguvu. Lakini takwimu hailipiwi na baba wa Kasenga.

Kabla ya molekuli

Pesa isiende kwenye jeni wakati jibu liko kwenye mkojo au kwenye hesabu ya damu. Katika lukemia (saratani ya damu) ya limfoblasti, umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 10 pamoja na chembe nyeupe zisizofika 50,000 kwa mikrolita tayari vinamweka mtoto upande wa hatari ya kawaida. Baada ya siku 7 za dawa ya predinisoloni, kuhesabu seli changa katika damu siku ya 8 na kukuta ziko chini ya 1,000 kwa mikrolita ni dalili njema iliyokubalika kwa miaka mingi, na haihitaji zaidi ya darubini na macho yenye subira. Mkojo wenye kiwango cha juu cha HVA na VMA, mabaki ya kemikali zinazotolewa na uvimbe, huelekeza kwenye neuroblastoma, na ni msaada mkubwa pale uvimbe wa tumboni unapogombaniwa kati ya ugonjwa huo na uvimbe wa Wilms, saratani ya figo. AFP, protini ya damu, huelekeza kwenye hepatoblastoma, saratani ya ini, ila kwa mtoto mchanga isomwe kwa tahadhari, kwa sababu huzaliwa nayo ikiwa juu na hushuka polepole katika miezi ya kwanza.

Njia ya kwanza: imunohistokemia

Swali inalojibu. Kingamwili hupakwa juu ya kipande chembamba cha uvimbe, na protini inayotafutwa ikiwepo, rangi ya kahawia hutokea. Kazi yake kuu ni kutoa jina. Desmini na miojenini huelekeza kwenye rabdomiosakoma. CD99 na NKX2.2 kwenye sakoma ya Ewing. PHOX2B kwenye neuroblastoma. TdT kwenye seli za limfoblasti. Limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda na ambao katika ukanda wetu wa malaria haujatuacha, huonyesha CD20 na CD10, hukosa BCL2, na Ki-67 yake, alama ya seli zinazogawanyika, hukaribia 100%.

Wengi huiona mbinu hii kama ya kizamani, na hapo ndipo ninapowasihi wasimame kidogo. Kingamwili kadhaa husoma moja kwa moja kilichotokea kwenye jeni. INI1 ikipotea ndani ya viini vya seli, jeni ya SMARCB1 imezimwa na tuko mbele ya uvimbe wa rabdoidi, saratani kali ya watoto wadogo. Kingamwili dhidi ya H3 K27M, badiliko lililogunduliwa mwaka 2012, hutaja glioma ya mstari wa kati wa ubongo ambayo watoto wengi hawaivuki miaka miwili. Beta-katenini ikionekana ndani ya kiini cha seli za meduloblastoma, saratani ya sehemu ya nyuma ya ubongo, huenda tuko kwenye kundi la WNT, ambalo kwa watoto lina matokeo mazuri kuliko makundi mengine yote ya ugonjwa huo. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huishi wakipata tiba ya kawaida. Hapo kioo kimoja cha darubini kimetoa jina na utabiri kwa pamoja.

Sampuli. Inatosha bloku ya parafini (nta) iliyotokana na kipande kilichokaa ndani ya formalini ya 10% yenye bafa, dawa ya kuhifadhi tishu, kwa saa 6 hadi 72. Bloku hukaa miaka katika joto la chumba. Hata hivyo kila kingamwili hula kipande chake kimoja, na biopsi ya sindano ikiagiziwa kingamwili kumi na tano kwa pupa huisha kabla swali halijajibiwa.

Muda, fedha na umbali. Bloku ikiwa tayari, jibu hupatikana kwa siku chache. Ndiyo nafuu kati ya njia nne, lakini kingamwili hutunzwa kwenye friji, na umeme ukikatika mara kwa mara chupa huharibika pasipo mtu kujua.

Uongo wake. Kingamwili moja haisemi ukweli peke yake. CD99, ambayo wengi wameifanya kuwa muhuri wa Ewing, hung'aa vilevile katika limfoma ya limfoblasti. Asiyeongeza TdT anaweza kumpangia mtoto upasuaji wa mfupa kwa ugonjwa unaotibiwa kama lukemia. Tishu iliyochelewa kuingia formalini nayo hutoa hasi za uongo. Kioo kisicho na kidhibiti chanya, yaani kipande kinachojulikana kuwa na protini hiyo, kando yake mimi huwa sikisomi.

Inamfaa nani. Karibu kila mtoto mwenye uvimbe mgumu, kama hatua ya kwanza, na vilevile hospitali inayotaka kujenga maabara yake yenyewe kuanzia mahali fulani.

Njia ya pili: FISH

Swali inalojibu. Vipande vya DNA vyenye rangi ing'aayo hushikamana na jeni inayotafutwa, kisha nukta zake huhesabiwa kwa darubini maalumu. FISH huona mambo ambayo kingamwili haioni: jeni iliyovunjika, jeni iliyozidi nakala, kromosomu iliyoongezeka. Mfano wake mkuu ni MYCN katika neuroblastoma. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikaonekana kwamba nakala zake zilizozidi huambatana na ugonjwa uliosambaa. Takriban neuroblastoma 1 kati ya 5 inazo. Nukta za MYCN zikizidi mara nne za nukta za kromosomu 2 yenyewe, mtoto huhamia kundi la hatari kubwa hata akiwa mchanga. Katika Burkitt, FISH huonyesha MYC iliyokatika, mara nyingi kwa kubadilishana vipande kati ya kromosomu 8 na 14.

Sampuli. Hufanya kazi kwenye bloku, na hata kwenye kioo kilichogusishwa tu juu ya uvimbe mbichi kisha kikakaushwa kwa hewa. Vioo vya namna hiyo havidai barafu, jambo ambalo mtu aliyewahi kutuma sampuli katika joto la Oktoba atalithamini.

Muda, fedha na umbali. Maabarani ni siku mbili au tatu. Vitambuzi vyake ni ghali na hutunzwa kwenye ubaridi wa kugandisha, na darubini ya mwanga wa fluoresensi ni lazima. Kwa wengi wetu maana yake ni kutuma nje.

Uongo wake. Kitambuzi cha EWSR1 husema jeni imevunjika, hakisemi imeungana na nani. Jeni hiyohiyo huvunjika katika sakoma ya Ewing na katika uvimbe wa desmoplastiki wa seli ndogo, magonjwa mawili yenye hatima tofauti. Hivyo FISH isiyosomwa pamoja na kingamwili ni nusu ya sentensi.

Inamfaa nani. Mtoto wa chini ya miezi 18 mwenye neuroblastoma kuliko wote, kwa sababu kutozidi kwa MYCN ndiko kunakoruhusu tiba nyepesi, na wakati mwingine uangalizi peke yake. Kwa mtoto wa miaka minne aliyefika na ugonjwa uliosambaa hadi kwenye mifupa, tayari yuko kwenye kundi baya. FISH itamwongezea taarifa, haitamwongezea dawa. Kwa Burkitt ya kawaida ya taya, yenye sura zote za kawaida na kingamwili zinazokubaliana, mimi siiagizi.

Njia ya tatu: PCR

Swali inalojibu. PCR huzidisha kipande kimoja cha RNA au DNA mpaka kionekane, na hivyo hujibu swali lililoulizwa kwa usahihi: je, muungano huu mahususi wa jeni upo? EWSR1-FLI1 hupatikana katika takriban 85% ya sakoma za Ewing. PAX3-FOXO1 na PAX7-FOXO1 hutenganisha rabdomiosakoma yenye mwelekeo mbaya na ile isiyo na muungano. Katika lukemia ya limfoblasti, ETV6-RUNX1, inayopatikana kwa karibu robo ya watoto katika nchi tajiri, ni habari njema. BCR-ABL1, ya watoto 3 hadi 5 kwa kila 100, ilikuwa habari mbaya sana hadi dawa ya imatinibu ilipoongezwa kwenye tiba.

Kuna kazi nyingine ambayo PCR huifanya kwa ubora: kuhesabu mabaki. Baada ya wiki kama nne za tiba ya mwanzo, uboho unaweza kuonekana safi kwa darubini huku ukiwa na seli moja ya lukemia kati ya 10,000. Kiwango hicho, yaani 0.01%, ndicho mpaka unaotumiwa sana kumtenga mtoto anayeitikia vizuri na yule anayehitaji kuongezewa. Katika lukemia za watoto hakuna kiashiria kimoja kinachotabiri vizuri kuliko hicho. Sitometria, yaani mashine inayopitisha seli hai moja moja mbele ya mwanga wa leza, hufanya kazi hiyohiyo, na pia hutaja aina ya lukemia ndani ya saa chache. Lakini seli zake lazima zifike zikiwa hai, kwa kawaida ndani ya saa 48, na hilo linaiondoa kwenye orodha ya mahali pasipo na mashine jirani.

Sampuli. RNA ni kitu dhaifu. Damu au uboho kwenye mrija wa EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ufike maabarani ndani ya siku moja au mbili, au uwekwe mapema kwenye kimiminika kinachohifadhi RNA. Bloku ya parafini hutumika pia, ingawa RNA yake huwa imekatikakatika.

Muda, fedha na umbali. Siku moja hadi chache. Hapa kuna mlango ambao haujatumiwa ipasavyo: mashine za GeneXpert, tulizozizoea kwa kifua kikuu, zina katriji za kupima BCR-ABL1. Umakini unahitajika, kwani katriji iliyotengenezwa kwa ajili ya lukemia sugu ya watu wazima hutafuta umbo la p210, ilhali watoto wengi wenye lukemia ya limfoblasti ya aina hii wana umbo la p190, ambalo lina katriji yake tofauti. Anayetumia ya kwanza na kuandika "hasi" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Uongo wake. PCR haioni isichotafuta. Ewing yenye EWSR1-ERG itaonekana hasi kwa anayetafuta FLI1 peke yake. Tone moja la uchafu kutoka sampuli ya jana nalo laweza kugeuza hasi kuwa chanya, kwa hiyo chumba cha kuandaa sampuli na chumba cha kuzidisha visiwe kimoja.

Inamfaa nani. Mtoto mwenye lukemia, na mtoto ambaye kingamwili zimeshapunguza majina hadi mawili na unahitaji mwamuzi.

Njia ya nne: usomaji mpana wa jeni

Swali inalojibu. Huu husoma mamia ya jeni kwa mara moja, au kupima alama za kemikali ziitwazo methili kwenye DNA nzima ya uvimbe, bila kulazimika kukisia mapema. Nguvu yake imeonekana wazi katika vimbe vya ubongo: mfumo wa methili uliochapishwa na watafiti wa Heidelberg mwaka 2018, uliojengwa juu ya sampuli 2,801, ulibadilisha jina la ugonjwa katika hadi 12% ya wagonjwa waliopimwa. Usomaji mpana pia hugundua kwamba kama watoto 8 kati ya 100 wenye saratani walizaliwa na badiliko la jeni linaloielekeza miili yao kwenye ugonjwa huo, kama vile TP53 katika familia zenye sindromu ya Li-Fraumeni.

Sampuli. Bloku nzuri yenye seli za kutosha za uvimbe, pamoja na damu ya kawaida ya mtoto kwa ajili ya kulinganisha.

Muda, fedha na umbali. Wiki kadhaa, na bei iliyo juu kuliko zote. Mashine ndogo za nanopore, zinazobebeka mkononi, zinaanza kulipunguza pengo hilo, na nadhani zitafika kwetu kabla ya maabara kubwa kufika.

Uongo wake. Ripoti hurudi na mabadiliko "yasiyojulikana maana yake". Kwa watoto wa Afrika hayo huwa mengi zaidi, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejaa damu za watu wenye asili ya Ulaya. Daktari asiye na uzoefu huweza kumtisha mama kwa badiliko ambalo ni la kawaida tu katika ukoo wake.

Inamfaa nani. Mtoto ambaye njia tatu za kwanza zimeshindwa kumpa jina. Mtoto mchanga mwenye fibrosakoma (saratani ya tishu laini), ambaye akiwa na muungano wa ETV6-NTRK3 kuna dawa, larotrektinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, mradi familia ina njia ya kuipata. Na familia yenye saratani nyingi za utotoni. Kama kipimo cha kwanza cha kila mtoto hapa kwetu, sikipendekezi leo.

Bloku moja inayopaswa kutosha zote

Niliwahi kupokea majibu ya kipande cha mfupa yaliyosema "DNA haisomeki". Maabara iliyokilainisha, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imekitumbukiza kwenye tindikali kali ili kikatike haraka, na tindikali hiyo ilikula jeni zote. Mtoto alirudishwa chumba cha upasuaji kwa biopsi ya pili. Kipande cha mfupa kilainishwe kwa EDTA, hata kama kitachukua siku nyingi, au sehemu laini ya uvimbe itengwe kwanza na kuingizwa kwenye formalini peke yake.

Mpasuaji asiyejua mapema njia ipi itahitajika afanye mambo matatu kabla kipande hakijaondoka mezani: agusishe vioo vinne au vitano na kuviacha vikauke, aweke sehemu kubwa kwenye formalini yenye bafa, akiandika saa, na mtoto akiwa na chembe changa kwenye damu, achukue mirija ya EDTA. Vioo na bloku huvuka Kasumbalesa au Ruzizi bila barafu, mradi ridhaa ya mzazi na karatasi za kusafirisha sampuli ziwepo. Waliotuma wasisahau kuomba bloku irudishwe, kwani ni mali ya mtoto, na ugonjwa ukirudi baada ya miaka mitatu itahitajika kulinganishwa.

Mwongozo kwa hali

Taya au tumbo limevimba kwa siku chache, mtoto ana miaka sita. Kwanza kabisa, majimaji ya sindano nyembamba kwenye kioo, yenye jibu ndani ya saa moja: seli za buluu zenye mashimo madogo meupe. Kisha kingamwili kama kuna bloku. Burkitt hukua haraka mno. Kusubiri FISH kutoka nje kabla ya kuanza tiba ni kosa.

Lukemia, hospitali haina sitometria jirani. Hesabu ya damu, umri, na siku ya 8 ya predinisoloni kwanza. Ukiwa na fedha za kipimo kimoja cha molekuli na imatinibu inapatikana, tafuta BCR-ABL1 kwa umbo sahihi. Ukiwa na cha pili, kiweke akiba kwa ajili ya mabaki mwishoni mwa tiba ya mwanzo. Mwenye njia ya kupima ETV6-RUNX1 aitumie pale tu itifaki yake inaruhusu kupunguza dawa kwa jibu hilo.

Lukemia yenye kutoka damu kwenye fizi na ngozi, seli zikiwa na vijiti vingi ndani. Hapa PCR ya PML-RARA, muungano wa jeni wa lukemia ya promielositi, ni muhimu, lakini dawa ya tretinoini ianze siku hiyohiyo ya shaka, kabla ya jibu. Kutokwa damu ndani ya ubongo hakungoji barua pepe.

Uvimbe wa figo wenye sura ya Wilms kwenye picha. Katika utaratibu wa SIOP, chama cha kimataifa cha saratani za watoto, dawa huanza kabla ya upasuaji, na histolojia hufanywa baada ya kuondoa figo. Viashiria kama kuongezeka kwa 1q, mkono mrefu wa kromosomu 1, vinatabiri, ila kwetu havijawa na kazi ya kutosha. Mkojo wa VMA na HVA ni matumizi bora ya fedha hiyo.

Uvimbe nyuma ya ubongo. Omba INI1 na beta-katenini kabla ya kitu kingine. Ikiwa ni meduloblastoma na beta-katenini imo ndani ya kiini, tafuta uthibitisho hata kwa gharama, kwa sababu jibu hilo huwapa wazazi sababu ya kuhangaikia safari ya mionzi.

Jicho linalong'aa kama la paka usiku. Retinoblastoma haitobolewi kwa sindano kamwe. Kutoboa kunaweza kuisambaza, na daktari wa macho huitambua kwa kuangalia. Kiashiria chake, RB1, ni swali la familia. Mtoto mwenye ugonjwa macho yote mawili ana badiliko hilo la kuzaliwa nalo, na kila mtoto atakayemzaa baadaye ana nafasi 50% ya kulirithi. Hata wenye jicho moja, takriban 15% wanalo. Kipimo cha RB1 kikiwepo kwa bei inayowezekana, huwaondolea ndugu wasio na badiliko usumbufu wa miaka. Kisipokuwepo, wadogo zake wote wakaguliwe macho tangu wakiwa wachanga na kurudiwa kwa ratiba, jambo linalohitaji daktari wa macho na dawa ya usingizi tu.

Mfupa umevimba, mtoto ana maumivu ya usiku. Kingamwili kwanza, na daima CD99 iende pamoja na TdT, desmini na CD45. PCR au FISH zifuate iwapo jina limebaki kati ya mawili.

Binti wa yule baba wa Kasenga alikuwa katika kundi hili la mwisho. Uvimbe ulikuwa kwenye paja, na karatasi yake ilianza na kitambuzi cha EWSR1 kwa FISH. Nilimwomba alipie kingamwili nne tu, na bloku ihifadhiwe kwa lolote litakalofuata. CD99 ilirudi chanya, na kwa dakika chache kila mtu mezani alisema Ewing. TdT ilikuwa chanya pia. Alianza tiba ya limfoma ya limfoblasti Jumatatu iliyofuata, mguu wake haukuguswa na kisu, na zile pesa za FISH baba yake alizitumia kwa kodi ya chumba huku Lubumbashi.